Waamuzi, mkikuta uwanja haujaandaliwa mnachezesha au mnarudi nyumbani?

#1 Filimbi Mpya (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Tangu nianze kupangiwa mechi za ligi za chini kuna jambo linanikosesha raha, naomba tulijadili bila matusi.

Kozini tulifundishwa uwanja wa kwenye mchoro: mistari inaonekana, nyasi ziko sawa, vibendera vinne vya kona, nyavu zimekaza. Ukipangiwa mechi unakuta kitu kingine kabisa. Mstari wa pembeni nusu unauona, nusu unaubuni. Mbele ya goli kuna shimo ambalo makipa wamelichimba msimu mzima na sasa limejaa maji. Kwenye kona kuna fimbo iliyochongwa ncha. Wenyeji wanakwambia "refa, sisi tunacheza hapahapa kila wiki." Wageni wanakwambia wametoka mbali. Kamisaa anaangalia saa yake halafu anakuangalia wewe.

Maswali yangu mawili. Kwanza, kipi kinatosha niseme mechi haichezwi? Pili, nikikubali ichezwe, naichezeshaje? Maana kuna siku naona kabisa mwenye filimbi ni uwanja, mimi ni mpambe tu.

Karibuni, hasa mliokaa na kipenga muda mrefu.

#2 Kona Fupi

Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

#3 Mzee wa Kipenga

Mdogo wangu, swali la kwanza lina jibu fupi: uwanja mbaya unachezewa na unaandikwa kwenye ripoti, uwanja wa hatari hauchezewi. Kazi ni kuvitenganisha hivyo viwili, na hiyo kazi haiwezekani timu zikiwa zimeshajipanga kuingia.

Kwa hiyo la kwanza kabisa ni muda. Fika wakati wenyeji bado wanaweza kutafuta chokaa, jembe na nyundo. Ukichelewa umebaki na majibu mawili tu, ndiyo au hapana, na yote yatakuletea ugomvi. Ukiwahi unalo la tatu: "Rekebisheni hiki na hiki, nazunguka tena baada ya nusu saa." Katika miaka yangu yote, viwanja vingi vilivyonitisha vilipona kwa jibu hilo la tatu. Viongozi hupata chokaa haraka sana wakishajua refa hatanii.

Vaa viatu vya kuchezeshea, usikague na makubazi. Anza na magoli, kwa sababu ndiyo yanayoua. Sisemi hivyo kukutisha. Magoli ya kuhamishika yamewaangukia watoto na kuwaua katika nchi nyingi. Shika nguzo uitikise kwa nguvu zako zote. Sheria ya 1 ya soka, ile ya uwanja, haina mjadala hapo: goli lazima lishikizwe imara ardhini, na la kuhamishika linaruhusiwa kwa sharti hilohilo. Likiyumba, wenyeji watafute vigingi au magunia ya mchanga ya kulalia bomba la nyuma. Wakishindwa, umeshapata jibu lako na huna haja ya kutazama kingine.

Kisha tazama mwamba wa juu. Umenyooka? Umefungwa na nini? Kamba haikubaliki kuwa mwamba, wala kitu chochote kinacholegea. Ukivunjika katikati ya mchezo unasimamisha, unasubiri utengenezwe au ubadilishwe, unaanzisha kwa mpira wa kudondosha. Usipotengenezeka mechi inavunjwa. Borussia Mönchengladbach wanalijua hilo. Tarehe 3 Aprili 1971, wakiwa 1-1 na Werder Bremen dakika ya 88, mchezaji wao aliangukia wavuni na nguzo ya mbao ikakatika. Goli halikusimama tena, mwamuzi akavunja mechi, na baadaye Bremen wakapewa ushindi wa 2-0 mezani. Ubingwa Gladbach waliuchukua hata hivyo, lakini baada ya siku ile Wajerumani wakaanza kuachana na magoli ya mbao.

Pima pia. Nguzo kwa nguzo mita 7.32, ardhini hadi chini ya mwamba mita 2.44. Usiseme hayo ni ya watoto. Septemba 2020 Tottenham walikwenda Macedonia Kaskazini kucheza na Shkëndija kwenye Europa League, makipa wao wakahisi goli ni fupi. Likapimwa, kweli limepungua sentimita kama tano, likabidi libadilishwe. Hiyo ni mechi ya UEFA, sembuse hizi zetu za kuanzia?

Nyavu: Sheria inasema *zinaweza* kufungwa, ila kanuni za mashindano mengi zinazilazimisha, kwa hiyo soma kanuni zenu. Zikiwepo, kagua kila shimo. Oktoba 2013, Hoffenheim na Leverkusen, Stefan Kießling alipiga kichwa, mpira ukapita *nje* ya nguzo, ukaingia wavuni kupitia tundu la pembeni. Felix Brych, refa wa daraja la juu kabisa, akakubali goli. Leverkusen wakashinda 2-1 na ombi la kurudia mechi likakataliwa. Tundu la mkono mmoja tu, wakuu.

Magoli yakipita ndiyo nenda kwenye ardhi. Kimbia hasa, geuka ghafla, simama ghafla, kama atakavyofanya winga. Tembelea maboksi yote mawili. Angalia mawe, vioo, mabomba ya maji, mashimo yaliyofunikwa na nyasi, kwa sababu shimo unaloliona lina nafuu kuliko lililojificha. Kisha toka nje ya mistari: kuna ukuta, mfereji, nguzo ya taa? Mchezaji anayekimbia kwa kasi hasimami kwenye chokaa.

Swali la pili nitarudi nalo, mjukuu ananivuta shati.

#4 Beki Mstaafu

Mzee nakuheshimu, ila marefa wa siku hizi mnadeka. Sisi tumecheza kwenye matope ya magotini na hakuna aliyekufa. Uwanja ukiwa mbovu, ni mbovu kwa timu zote mbili. Mpira uchezwe.

#5 Dada Kibendera

Kaka Beki, hiyo ya "mbovu kwa wote" nimeisikia kila kiwanja na si kweli. Uwanja mbovu una timu yake.

Nenda Kombe la Dunia 1974, Frankfurt, tarehe 3 Julai, Ujerumani Magharibi na Poland. Mvua ilishuka mpaka uwanja ukawa ziwa. Wazima moto wakaleta pampu, watu wakasukuma maji kwa marola, mechi ikachelewa kama nusu saa, mwamuzi Erich Linemayr kutoka Austria akaruhusu ichezwe. Sasa Poland ndio waliohitaji ushindi ili waingie fainali, na silaha yao ilikuwa mawinga wenye kasi, Lato na Gadocha. Winga wa kasi kwenye maji atafanya nini? Mpira unasimama, yeye anaupita. Gerd Müller akafunga, 1-0, Wajerumani, ambao hata sare ingewatosha, wakaenda fainali. Sisemi Linemayr alikosea. Nasema usimwambie Mpolandi kwamba maji yale yalikuwa ya wote.

Kwa hiyo mwamuzi asitafute usawa kwenye uwanja mbovu, hataupata. Aulize: mchezaji anaweza kukimbia na kugeuka bila kuvunjika? Mpira unadunda na kuviringika kiasi cha kuitwa mpira? Ukipata ndiyo mbili, chezesha.

Na mtukumbuke washika vibendera. Viwanja vingi hutengenezwa vikiwa vimeinuka katikati ili maji yatiririkie pembeni. Pembeni ndiko ninakokimbilia mimi! Refa wa kati yuko pakavu ananipungia mkono niwahi, mimi nipo kwenye tope hadi kwenye soksi. Refa mzuri huja kukagua njia ya msaidizi wake kabla ya mechi, na sijakutana na wengi.

#6 Beki Mstaafu

Hahaha, hapo kwenye soksi nimekuelewa, dada. Lakini Wajerumani walikuwa wazuri pia bwana.

#7 Dada Kibendera

Walikuwa wazuri, nani kabisha?

#8 Fundi Nyasi

Natunza viwanja kwa riziki yangu, ngoja niseme ya upande wetu maana waamuzi huja, hukasirika, huondoka.

Mistari kwanza. Sheria inataka mistari mfululizo isiyo ya hatari, isiyozidi upana wa sentimita 12. "Isiyo ya hatari" maana yake usichimbe. Wapo wanaochimba kijifereji ili mstari udumu msimu mzima. Huo ni mtego wa vifundo vya miguu, refa akatae. Wapo pia wanaomwaga mafuta machafu ya injini. Na chokaa, jamani chokaa! Chokaa ya kujengea, iwe haijazimwa au imezimwa, inaunguza ngozi na macho, na ikikutana na jasho na maji ni balaa. Kipa anayepiga mbizi kwenye mstari wa goli anaila usoni. Tumieni unga wa chaki au rangi ya maji ya viwanjani. Refa, ukiuona unga mweupe muulize mwenyeji ni nini, ni haki yako kabisa.

Kama mvua imefuta mistari saa moja kabla ya mechi, kuna njia. Mimi nina kamba yenye mafundo kwenye mita 5.5, 9.15, 11 na 16.5. Kwa fundo hizo nne narudisha boksi la kipa, boksi kubwa, nukta ya penati, duara la kati na kile kitao cha boksi. Kumbukeni mita 16.5 inaanzia upande wa *ndani* wa nguzo, hivyo boksi zima lina upana wa mita 40.32. Nimekuta maboksi yaliyopimwa kutoka katikati ya goli, hayo hata penati zake ni za uongo.

Maji: msifagilie kutoka dimbwi moja kwenda dimbwi jingine, mnahamisha tatizo. Toboa kwa uma wa bustani ili maji yashuke, fagilia nje kuelekea mteremko, malizia na mchanga mkavu kidogo. Msilete mashine nzito. Mashine kwenye ardhi iliyolowa inashindilia udongo na maji hayashuki tena. Desemba 2013 Galatasaray na Juventus walisimamishwa dakika ya 31 kwa theluji, wakamalizia kesho yake uwanja ukiwa matope matupu, na Sneijder wa Galatasaray akafunga dakika ya 85. Juve wakatolewa Ligi ya Mabingwa. Sasa ni theluji iliyowatoa au ni namna ilivyoondolewa? Mimi nina maoni yangu.

#9 Kocha wa Vijana

Uzi mzuri huu. Naomba kuuliza: manahodha wote wawili wakikubali kucheza, refa anabaki na neno gani? Nimeona mechi moja viongozi walisaini karatasi kabisa kwamba wanacheza kwa hiari yao.

#10 Kadi Mfukoni

Kocha, anabaki na neno lote. Hakuna mahali Sheria inasema wachezaji wanapiga kura kuhusu hali ya uwanja. Uamuzi ni wa mwamuzi, na Sheria ya 5 inamlinda: hawajibishwi kwa uamuzi wake kwamba hali ya uwanja, pembezoni mwake au hali ya hewa inaruhusu au hairuhusu mechi. Wala kwa uamuzi wa kuvunja mechi. Lakini ulinzi huo ni wa mtu aliyekagua akaamua. Ukikaa chumbani unakunywa maji halafu goli likamwangukia mtu, usije na Sheria ya 5 mkononi.

Karatasi ya kusaini ni ya kujifariji. Akivunjika mguu mtoto wa miaka kumi na sita, mama yake hakusaini.

Na kocha, wewe unajua zaidi yangu: si kila anayetaka mechi iahirishwe anaupenda usalama. Mwenyeji ana majeruhi watatu, ghafla uwanja wake "hauchezeki", mistari haijachorwa, funguo za stoo ya nyavu zimepotea. Mgeni ana kikosi kizito cha mipira mirefu, yeye hata kwenye bwawa anataka kucheza. Wasikilize wote, halafu nenda kaukanyage mwenyewe.

#11 Kocha wa Vijana

Funguo za stoo zimenigusa moja kwa moja, sitasema zaidi.

Kwa vijana nakubaliana. Ila mkumbuke vipimo vya vijana, maveterani na mpira wa ngazi ya chini shirikisho linaweza kuvibadilisha, uwanja na magoli pia. Nimewahi kugombana na refa kijana aliyetaka goli la mita 7.32 kwa watoto wa darasa la tatu.

#12 Mzee wa Kipenga

Nimerudi. Swali la pili ndilo lenye utamu, na kozini huwa wanalipita mbio.

Uwanja mbovu unabadilisha rafu. Beki anateleza kwenda kuuchukua mpira, kwenye nyasi kavu angesimama hatua moja kabla ya mtu, kwenye tope anaendelea mpaka anambeba. Jukwaa litapiga kelele "ameteleza!" Sawa, ameteleza, lakini alijua uwanja ukoje alipoamua kulala chini. Pima kama siku zote: uzembe ni faulo tu, kutojali hatari ni njano, nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Matope hayampi punguzo. Ninachofanya ni kuongea mapema. Rafu ya kwanza ya kuteleza, hata ikiwa ndogo, napiga filimbi na nawaambia wawili wale kwa sauti ya kusikika na wengine: "Leo ardhi haishiki, kaeni kwa miguu." Mara nyingi inapunguza kadi.

Upande wa pili usimwadhibu mtu kwa kosa la ardhi. Mshambuliaji akianguka bila kuguswa kwenye uwanja mkavu nina mashaka naye. Kwenye utelezi anaweza kuwa ameanguka kweli, na njano ya kujiangusha inataka uhakika wa kudanganya. Vivyo hivyo mkono. Mpira unagonga kichuguu, unaruka kumgonga mtu mkononi kutoka hatua moja, mkono uko pale unapotakiwa kuwa. Endelea na mchezo. Watalalamika, waache.

Faida, yaani kuacha mchezo uendelee licha ya faulo, nayo inakuwa ya ujanja. Unasema "cheza!", sekunde inayofuata mpira umekwama kwenye dimbwi na faida imekufa. Sheria inakuruhusu kurudi kwenye faulo ikiwa faida uliyoitarajia haikutokea ndani ya sekunde chache. Kwenye maji mimi nachelewesha hata ishara, naangalia mpira umefika wapi kwanza.

Mpira uliokwama kwenye maji ni hatari kuliko faulo nyingi. Watu wanne wanaupiga mateke kwa zamu, hausogei, kila mmoja anaongeza nguvu. Sogea karibu, ongea, filimbi iwe mdomoni. Kipa akiukandamiza kwenye tope kwa mkono mmoja, jua ameshaudhibiti: mpira uliopo kati ya mkono na ardhi ni wa kipa, usiruhusu mtu aupige.

Halafu miguu yako mwenyewe. Ile njia ya mshazari tuliyozoea huenda inapita katikati ya bwawa. Badili. Afadhali pembe mbaya kidogo ukiwa umesimama kuliko pembe nzuri ukiwa umelala chali.

#13 Filimbi Mpya

Mzee, shikamoo kwa somo. Sasa mstari wa kati usipoonekana, kuotea tunafanyaje? Mshambuliaji hawezi kuotea akiwa nusu yake. Na mstari wa goli ukifutika?

#14 Dada Kibendera

Mstari wa kati una dawa ya halali kabisa: vibendera vya kati. Si vya lazima, ila vinaruhusiwa, vikiwa nje ya mstari wa pembeni si chini ya mita moja. Omba viwili, weka kila upande, mimi na wewe tunavuta mstari kwa macho. Vya kona ni vya lazima, si chini ya mita 1.5 na visiwe na ncha. Ile fimbo uliyoitaja kwenye swali lako usiikubali hata wakulilie.

Mstari wa goli ni mgumu zaidi. Goli ni pale mpira *wote* umevuka, na mpira uliokwama kwenye dimbwi juu ya mstari bado unachezwa. Mstari umefutika, una nguzo mbili, na upana wa mstari unatakiwa ulingane na upana wa nguzo. Basi kingo za nyuma za nguzo ndizo mstari wako. Mimi nikiwa sijauona mpira wote nyuma ya hapo, sinyanyui kitu. Na mapumziko mwenyeji achore upya, hiyo si hisani.

#15 Kadi Mfukoni

Kuna jambo halijaguswa: uwanja unaoharibika mechi ikiendelea. Kukataa mwanzoni ni rahisi. Dakika ya 60 mwenyeji anaongoza 2-0 na mvua inashuka, hapo ndipo utajulikana.

Mfano wa kila mtu ni refa Collina wa Italia, Perugia na Juventus, tarehe 14 Mei 2000, siku ya mwisho ya Serie A. Mapumzikoni mvua ikaja ya kufunika kila kitu. Alisubiri zaidi ya saa moja, anatoka na mwamvuli, anadundisha mpira, anarudi ndani. Kipindi cha pili kikachezwa, Calori akafunga, Juve wakafa 1-0, na Lazio waliokuwa wameshamaliza mechi yao wakachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi moja. Mashabiki wa Juve hadi leo wanasema asingeanzisha tena.

Mimi nasema alisubiri mno. Misuli imepoa, vichwa vimepoa, mechi nyingine zimeisha na matokeo yanajulikana. Hiyo si mechi ileile tena.

#16 Mzee wa Kipenga

Nakataa. Kuvunja mechi ni mlango wa mwisho. Sheria ya 7 inasema mechi iliyovunjwa inarudiwa, isipokuwa kanuni au waandaaji waamue vingine. Juve walikuwa sare, wangefurahi kurudia siku kavu. Na Perugia je? Sheria haitaji dakika za kusubiri, kanuni za mashindano ndizo zinazoweza kutaja. Zisipotaja, ukiona uwanja unaweza kurudi, unasubiri. Alikuwa anadundisha mpira hadharani kila mtu anaona, hakuwa anakisia.

#17 Kadi Mfukoni

Hadharani sawa, ila refa Muitaliano mwenzake, Rocchi, naye alidundisha hadharani mwaka 2012, Warsaw, Poland na England, Oktoba 16. Uwanja mpya wenye paa, paa liliachwa wazi, na lilikuwa haliwezi kufungwa mvua ikinyesha. Alipojaribu mpira haukwenda popote. Mechi ikapelekwa kesho yake, ikaisha 1-1, dunia haikuanguka. Alikata mapema, watu wakaenda kulala.

#18 Dada Kibendera

Kadi, unalinganisha mechi ambayo haijaanza na iliyofika nusu. Ile ya Warsaw hakukuwa na dakika 45 za mtu za kupoteza.

#19 Kadi Mfukoni

Nakubali hiyo tofauti. Bado saa nzima ni ndefu.

#20 Refa Mwandishi

Nyie mnabishana mabingwa wa Ulaya, mleta uzi anahitaji ripoti yake ipite.

Andika saa uliyofika, ulichokikuta, ulichoagiza na nani alipokea agizo, saa uliyokagua tena, na kilichofanyika. Usiandike "uwanja ulikuwa mbaya". Andika "dimbwi mbele ya goli la kaskazini, ndani ya boksi la kipa, mpira hauviringiki." Usiandike "timu mwenyeji ni wazembe", kazi yako si kutukana. Piga picha ukiwa umesimama sehemu inayoonyesha nguzo, ili isije kusemwa ni uwanja mwingine. Ukivunja mechi, andika dakika, matokeo, na mpira ulikuwa kwa nani. Usiandike nani apewe pointi, hiyo ni ya kamati.

Na muda uliopotea kufunga wavu au kurudishia kibendera unaongezwa. Wengi husahau wakitoka kwenye matope, wanataka nyumbani.

#21 Jogoo wa Winga

Mimi nawaza tu: Real Madrid na Dortmund, nusu fainali, Aprili Mosi 1998, mashabiki walipanda uzio, goli likaanguka kabla mechi haijaanza. Bernabéu! Wakaenda kuchukua goli jingine uwanja wa mazoezi, zaidi ya saa nzima watu wamesimama. Refa wa siku ile sijui alikuwa anawaza nini.

#22 Mzee wa Kipenga

Alikuwa anawaza kama hilo jipya limeshikizwa ardhini.

#23 Kipa Namba Moja

Swali la mwisho kutoka golini. Mechi ya mtoano, sare, tunakwenda penati. Goli moja mbele yake ni tope, jingine kavu. Refa alirusha sarafu ikaangukia la tope. Ni sawa? Mimi niliteleza kwenye mikwaju miwili.

#24 Dada Kibendera

Sarafu ndiyo kawaida, lakini Sheria ya 10 inasema mwamuzi anarusha sarafu *kama hakuna jambo jingine la kuzingatia*, na hali ya ardhi na usalama vimetajwa palepale. Angeweza kuchagua goli kavu bila sarafu. Ila mikwaju ikishaanza, goli linabadilishwa tu kwa usalama au kama goli au eneo la kuchezea halitumiki tena. Ukiteleza mara mbili haitoshi, samahani.

#25 Kipa Namba Moja

Basi nitajisaidia mwenyewe. Siku hizi naanza kwa kuchora mstari kwa kisigino katikati ya boksi dogo, nijue nguzo zangu ziko wapi hata chokaa ikifutika.

#26 Kadi Mfukoni

Sheria ya 1, kuchora alama isiyoruhusiwa uwanjani: njano. Tutaonana.